Maji Yanapotoka Ndipo Mkunjo Unapokaa

"Mama mdogo, mbona zangu zimelala na zako bado zimesimama?"

Mtoto wa dada yangu aliniuliza hivyo saa sita mchana, kasimama mbele ya kioo, kashika shungi la nywele kati ya vidole viwili. Saa moja asubuhi nywele hizo zilikuwa zimejikunja kuanzia masikioni hadi mabegani, mikunjo minene, inang'aa, yote imepangana. Sasa ilibaki dalili tu: kiwimbi hapa, ncha iliyogeuka pale, na kwingine kote zimejilalia. Zangu nilikuwa nimezisokota usiku uleule, kwa jeli ileile, katika chumba kilekile. Zilikuwa zimepanda juu kidogo, lakini mikunjo yote ipo.

Nikampa jibu ambalo kila mtu hulitoa: "Ni aina ya nywele."

Akanitazama kimya. Huyu ni mtu aliyelala na mkanda wa gauni kichwani, shingo imekakamaa usiku kucha, ili tu asiguse pasi ya nywele. Jibu langu lilikuwa na ukweli ndani yake, ila halikumwambia afanye nini kesho.

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nikaanza kutazama jinsi watu wanavyofundishana kukunja nywele bila moto, na karibu wote wanafundisha chombo. Soksi. Mkanda wa satini. Vile vijiti laini vya sponji vyenye waya ndani. Rola za wavu. Fulana kuukuu iliyochanwa vipande. Ukimsikiliza mwenye soksi, siri iko kwenye soksi; ukihamia kwa mwenye vijiti, soksi ni ushamba. Na wanafunzi wao wote wanalia kilio kimoja: nimefuata kila hatua, nimefungua asubuhi, hamna kitu. Au zimekaa nusu saa. Au zimetoka timutimu.

Siri ingekuwa kwenye chombo, malalamiko yasingefanana hivyo.

## Kinachotokea usiku

Unywele umejengwa kwa keratini, nyuzi za protini zilizolala sambamba na kushikana kwa vifungo vya aina kadhaa. Vifungo vya haidrojeni ndivyo vinavyotuhusu usiku. Kimoja kimoja ni dhaifu, lakini ni vingi mno, na kwa wingi huo ndivyo vinavyoupa unywele mkavu uimara wa umbo lake. Maji yakiingia, vinaachia. Unywele ulioshiba maji hubeba karibu asilimia 30 ya uzito wake kwa maji peke yake. Hunenepa, hulainika na kukubali umbo unalouwekea. Maji yakitoka, vifungo hufungika upya palepale unywele ulipo. Ukiwa umezungushiwa kijiti, vinafungika kwenye mzunguko.

Siri yote ni hiyo, na haina soksi ndani yake.

Joto hufanya kazi hiyohiyo kwa njia ya mkato. Keratini kavu hulainika ikipashwa zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, ndiyo maana pasi na vyuma vya kukunjia huwekwa kati ya nyuzi 150 na 230. Keratini iliyolowa hulainika kwa joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo anayekunja bila moto hajapoteza nguvu yoyote. Badala ya joto anatoa muda. Chuma humaliza kwa sekunde chache. Maji yana saa zake, na saa hizo hazibembelezeki.

Nilipofika hapo nikaanza kuyaona yale mafunzo kwa jicho jingine. Kuzungusha nywele huchukua robo saa, pengine nusu saa, na huko ndiko maelezo yote yaliko: shika hivi, pitisha juu, pitisha chini, kaza, funga. Kukauka huchukua usiku mzima, na juu yake tunaambiwa neno moja: lala.

Sasa fikiria nywele zilizofunguliwa zikiwa bado na unyevu kidogo katikati. Vifungo vyote vilivyokuwa vinasubiri maji yatoke havikufungika kwenye kijiti. Vinafungika nje, hewani, nywele zikiwa zinaning'inia kwa uzito wake. Kwa macho unaona mkunjo mzuri dakika ya kwanza, kisha unaushuhudia ukinyooka taratibu, na unasema nywele hazikushika. Zimeshika vizuri sana. Zimeshika umbo zililokuwa nalo maji yalipomalizika kutoka, na umbo hilo lilikuwa la kuning'inia.

## Unyevu kiasi gani?

"Hakikisha nywele zina unyevunyevu." Sentensi hii iko kila mahali na haimsaidii mtu. Unyevunyevu wa mtu aliyetoka kuoga ni mwingine kabisa na unyevunyevu wa aliyekaa saa nzima na fulana kichwani.

Mimi napima kwa kiganja. Nabana shungi la nywele ndani ya ngumi kwa muda mfupi, kisha naachia. Kiganja kikibaki na maji, bado. Kiganja kikibaki kikavu lakini nikisikia ubaridi kwenye nywele, hapo ndipo. Nywele zikiwa hazina hata ubaridi, zimepita. Nazirudishia maji kwa chupa ya kunyunyizia, shungi moja baada ya jingine, wala sizilowanishi kichwa kizima.

Kipimo hicho ni cha nywele zilizonyooka, ziwe hivyo kwa kuzaliwa au kwa dawa. Hazihitaji maji mengi kwa sababu hazina cha kunyooshwa kwanza. Nywele za kipilipili huhitaji maji zaidi mwanzoni, maana zikiwa kavu hazinyooki bila kukatika, na anayezisokota zikiwa zimelowa hivyo lazima akubali kwamba usiku mmoja unaweza usitoshe. Hapo hakuna ujanja. Kuna anayesokota jioni na kufungua jioni ya kesho yake, akashinda na kitambaa kichwani siku nzima. Ndiye mwenye nywele nzuri kuliko sisi wote.

Unene wa shungi ndio mtego mkubwa kuliko yote. Nywele zinazozungushwa kwenye kijiti hujipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka la nje linapata hewa na kukauka mapema. La ndani, ambalo mara nyingi ndilo lenye ncha, limefunikwa pande zote. Ukipapasa kwa nje unasikia pakavu. Ule mkanda mmoja unaobeba nusu ya kichwa upande huu na nusu upande ule una tabaka nyingi kupita kiasi, na kwa mwenye nywele nyingi ni bahati tu zikikauka kabla ya asubuhi. Kwa mwenye nywele chache, nyepesi, unafanya kazi vizuri kabisa. Wanaousifu na wanaoulaani wote wanasema kweli.

Sponji nayo ina yake. Inakunywa maji ya nywele mwanzoni, ukadhani inasaidia, kisha inabaki nayo palepale katikati ya rola. Rola za wavu ni ngumu kulalia, nakiri, lakini hewa inapita ndani yake, na wasusi wanaoseti nywele kila siku hawazitumii kwa mazoea tu.

Kuna jambo jingine ambalo nilisita kuliandika, kwa sababu kofia ya satini imekuwa kama amri. Kofia inazuia msuguano wa mto, na hilo ni la maana. Lakini satini nyingi siku hizi ni ya poliesta, haipitishi hewa sana, na ukiifunga juu ya nywele mbichi umezifungia na maji yake. Mimi siku hizi nazungusha mapema jioni, nakaa kichwa wazi muda wote nikiwa macho, na nafunga kitu chepesi ninapopanda kitandani. Nikiwa na haraka nakaa chini ya draya ya saluni kwenye hewa baridi. Wapo watakaosema draya ni kudanganya. Hewa baridi haina moto. Inaondoa maji tu.

## Nyumbani kwa unywele

Haya yote yangetosha kama swali la mwanangu lingekuwa la kukauka tu. Lakini zake zilikuwa kavu. Nilizipapasa mwenyewe asubuhi ile kabla hajafungua.

Kuna aina ya pili ya vifungo, vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Hivi ndivyo vinavyoamua nyumbani kwa unywele ni wapi, umbo ambalo hulirudia kila unapopata nafasi. Miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Leeds, William Astbury alipiga nyuzi za sufu na nywele kwa eksirei na kuona kwamba unywele uliolowa ukivutwa, mpangilio wake wa ndani hubadilika, na ukiachwa hurudi ulivyokuwa. Tunachofanya usiku ni kuutoa unywele nyumbani kwake na kuuzuia ugenini kwa vifungo vya haidrojeni. Tone la jasho, ukungu wa bafuni, hewa nzito kabla ya mvua, yote hayo ni maji, na kila maji yanapoingia, baadhi ya vifungo vinaachia na unywele unaanza safari ya kurudi.

Anayetaka kuhamisha nyumba yenyewe lazima avunje salfa. Karl Nessler alionyesha namna yake jijini London mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwa vijiti vilivyopashwa moto na dawa ya alkali, kwa saa nyingi za mtu kukaa kitini. Baadaye, katika miaka ya 1930, ikaja dawa ya kufanya hivyo bila joto. Waliowahi kuweka kalikiti wanaijua harufu yake. Rilaksa nayo inagusa salfa hiyohiyo, lakini kwa kunyoosha, na zile zenye sodiamu haidroksaidi hubadilisha vifungo hivyo kuwa vya aina nyingine isiyorudi nyuma. Ndiyo sababu msusi anayejua kazi yake hakubali kuweka kalikiti juu ya nywele za rilaksa hiyo. Zinaweza kukatika zote.

Mtoto wa dada yangu ana nywele za dawa. Nyumbani kwake, kwa sasa, ni kunyooka.

Zaidi ya hapo, dawa huacha magamba ya unywele yakiwa wazi zaidi. Nywele za namna hiyo hunywa maji haraka na kuyatoa haraka, jambo linalopendeza sana usiku, kwa sababu zinakauka mapema. Lakini mlango huo haufungwi asubuhi. Zinakunywa unyevu wa hewani kwa kasi ileile. Kwa hiyo zilikauka vizuri, zikashika vizuri, kisha hewa ya mchana ikaanza kuzirudisha nyumbani mara tu zilipofunguliwa.

Hapo nikapata nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa juu ya kichwa changu mwenyewe.

## Mimi sikukunja chochote

Nywele zangu ni za kipilipili. Zinatoka kwenye ngozi zikiwa tayari zimejiviringisha, mizunguko midogo, myembamba kuliko kalamu. Ninapochukua mashungi mawili na kuyasokota pamoja yakiwa yamelowa, ninaivuta hiyo mizunguko na kuipanua ifikie unene wa kidole. Watu wanaita matokeo yake mikunjo, nami naita hivyo, lakini kwa hakika kilichofanyika ni kunyoosha. Kunyoosha kwa kiasi.

Sasa ile hewa ya mchana iliyozirudisha za mwenzangu nyumbani ilikuwa inazirudisha na zangu. Asubuhi zilifika begani. Saa sita ziligusa taya. Zilikuwa zinaelekea kwenye mizunguko yake midogo kwa mwendo uleule ambao zake zilikuwa zinaelekea kunyooka. Tofauti ni kwamba safari yangu ya kurudi inapita kwenye mikunjo, na ya kwake inapita kwenye kulala. Mtazamaji aliyesimama mbele ya kioo anasema zangu zimesimama. Hazikusimama. Zilishindwa kwa namna inayopendeza.

Nilikaa na wazo hili siku nyingi kabla ya kumwambia, kwa sababu sikupenda lilikonipeleka. Nimewahi kuwashauri watu wengi wasokote kama mimi, kaza kama mimi, tumia jeli kama yangu. Ushauri huo una maana kwa mwenye nywele kama zangu. Mwenye nywele zilizonyooka anapigana vita tofauti, na kwa kiasi kikubwa mafunzo ya mtandaoni hayasemi mfundishaji nyumbani kwake ni wapi. Kabla hujamfuata mtu, tazama nywele zake zikiwa zimeoshwa na kuachwa bila kitu. Asipoonyesha, endelea mbele.

## Nilichomwambia

Nilimwambia apunguze maji, maana nywele zake hazihitaji kunyooshwa kwanza. Apunguze unene wa mashungi. Na achague kijiti chembamba kuliko mkunjo anaoutaka.

Hili la mwisho lina watu wanaolipinga, wakisema kijiti chembamba hutoa mikunjo ya kizee. Dakika ya kwanza, ndiyo. Mkunjo wowote hulegea ukifunguliwa, na wa nywele zilizonyooka hulegea zaidi. Anayetaka mawimbi mapana saa sita mchana akatumia kijiti kipana usiku, atakuwa na mawimbi mapana saa moja asubuhi na hatakuwa na kitu saa nne. Ni heri kuanza na kitu kilichokaza kupita unavyopenda na kuvumilia saa ya kwanza. Uvumilivu huo ni mgumu kwa msichana anayetaka kupiga picha akiwa anatoka.

Kuhusu kukaza: mvuto uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu iliyolegea hukauka na mapengo, na mapengo ndiyo yanayotoka timutimu. Sehemu iliyokazwa mno karibu na ngozi huacha mstari ulionyooka kwenye mizizi, halafu mkunjo unaanza ghafla chini yake.

Ncha ndizo huharibu kazi nzuri kuliko kitu kingine chochote. Nyingi hubaki nje ya kijiti zikiwa zimesimama wima, zikakauka hivyo, na asubuhi kila mkunjo una mkia ulionyooka. Dawa yake ni zile karatasi nyembamba za wasusi: unaifunga ncha ndani ya karatasi, unaanza kuzungusha kutoka hapo, na unapanda nayo kuelekea kichwani. Mikanda na soksi huanzia kichwani kwenda chini, kwa hiyo ncha ndizo za mwisho na ndizo hubaki zimelegea. Kwa wanaosokota, kijiti kidogo cha rola kwenye ncha ya kila msokoto kinatosha. Ncha zilizopasuka hakuna karatasi itakayoziponya. Zikatwe.

## Jeli, povu na mafuta

Jeli na povu la kuseti hufanya kazi moja: zikikauka huacha ngozi nyembamba juu ya unywele na kuzigundisha nywele jirani, hivyo mkunjo unapata mshikilizi wa pili wakati vifungo vya haidrojeni vinaendelea kuachia. Kwa nywele zilizonyooka au za dawa napendelea povu, kwa sababu jeli nzito hubeba maji mengi na kuongeza uzito. Kwa kipilipili, jeli. Ukali ule unaosikika asubuhi ukishika nywele si kasoro. Unavunjwa kwa viganja vyenye mafuta kidogo, na chini yake nywele ni laini.

Mafuta yabaki hapohapo, asubuhi. Yakipakwa mengi usiku yanazuia maji kutoka, nasi tumeshaona maji yasipotoka nini hutokea. Na glisirini, inayosifiwa kwenye dawa nyingi za nywele, huvuta maji kutoka hewani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, glisirini inafanya kazi dhidi yako. Soma lebo.

## Je, haina madhara?

Hapa nina shaka ambayo bado sijaimaliza.

Tunasema bila moto kana kwamba tumesema bila madhara. Faida ya kuacha moto ni ya kweli. Pasi ikigusa nywele zenye unyevu, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke ghafla na kuacha vipovu vidogo ndani ya unywele, na unywele wenye vipovu hukatikia hapo. Joto la juu huharibu keratini yenyewe, na nywele hazina namna ya kujiponya. Zimekwisha kufa tangu zilipotoka kwenye ngozi.

Lakini unywele uliolowa ndio ulio dhaifu kuliko wakati wowote. Unavutika zaidi, na ukivutwa kupita kiasi haurudi. Kulala na nywele mbichi zilizokazwa, usiku baada ya usiku, ni kuzivuta zikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Kukaza kwenye mapaji na pembeni kunaweza kuzifanya nywele zipungue na hatimaye zisiote tena, na madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hilo vizuri sana. Maumivu ya kichwa, vipele vidogo kando ya nywele, ngozi inayong'aa pembeni: hizo ni ishara za kufungua usiku huohuo, usiku wa manane ikibidi.

Kwa hiyo sishawishiki na wanaosema fanya kila siku kwa sababu hakuna moto. Mara moja au mbili kwa wiki, kwa mkono mwepesi, inatosha. Mwenye kulazimika kuwa na mikunjo kila siku ajifunze kuilinda badala ya kuitengeneza upya.

## Asubuhi

Haraka ya asubuhi imeua mikunjo mingi.

Ninafungua shungi moja la nyuma, nene kuliko mengine, na kuliweka shavuni. Shavu linatambua ubaridi ambao vidole havitambui. Likiwa la baridi nalirudisha na kungoja, au nakaa kwenye hewa ya feni. Likiwa kavu, bado siharakishi. Nywele zilizokwisha kukauka zikaachwa kwenye umbo lake saa chache zaidi hukaa kuliko zilizofunguliwa pindi tu zilipokauka. Nimeliona hili kwangu na kwa mwanangu, na wanaochunguza sufu wameliona vilevile kwenye nyuzi zao. Siku za mapumziko tunafungua karibu adhuhuri.

Kufungua ni kwa kuzungusha kinyume, taratibu, bila kuvuta kijiti kwa nguvu. Kisha viganja vyenye mafuta, kisha kutenganisha kwa vidole kwa kufuata njia ambayo mkunjo wenyewe unaonyesha. Chanuo liingie kwenye mizizi tu, kunyanyua. Kitana chenye meno ya karibu hakina kazi hapa.

Mara ya kwanza alipofanya hivyo mtoto wa dada yangu alikasirika, maana alitoka na vikunjo vidogo vilivyokaza, na akasema amekuwa bibi. Nilimwambia asiviguse hadi saa nne. Akavigusa saa tatu. Hata hivyo jioni alikuwa bado na mawimbi, mapana, yaliyolegea kwenye kisogo kuliko mbele, na hakuniuliza kuhusu zangu.

Usiku wa pili hatulowanishi. Yeye anazikusanya zote juu ya utosi kwa kitambaa laini kisichokaza, mimi nasokota upya mashungi makubwa machache yakiwa makavu. Siku ya tatu zake zimekwisha, na hapo anabana tu. Zangu bado zinaenda, ila mbele huwa zimechoka, kwa hiyo nanyunyizia mashungi ya mbele, nayasokota, na kuyaacha yakauke nikifanya shughuli nyingine. Ya nyuma siyarudii. Huko anaona msusi peke yake, na yeye ameshaona mabaya kuliko hayo.